Vifo Tisa vya Maduhu

Babu yangu Maduhu aliuawa mara tisa
kabla pumu haijammaliza, Igogo, masika ya sabini na nne.
Mara zote tisa ni wiki moja, kiangazi kile
Wazungu kumi na mmoja walipoteremka stesheni
na masanduku, na kamera chini ya mwamvuli wake,
wakiulizia waabudu nyoka, wanyonga watu.

Mwanza haikuwa nao.
Ilikuwa na wapakia pamba, na makarani,
wanakwaya wawili wa misheni, na muuza furu wa Kirumba
mwenye makengeza, ambaye walimpenda papo hapo.

Wakawapaka masizi.
("Weusi wenu hautoshi," alifasiri mkalimani, akitazama chini.)
Wakawavika ngozi za mbuzi za juzi, bado zinanuka bucha,
wakawapandisha majabali ya Bwiru,
pale wanawake wanapoanika dagaa,
wakaambiwa: hili ni hekalu.
Nyoka alikuwa turubai, macho yake taa za baiskeli.
Damu ilikuwa sukari guru iliyoyeyushwa,
na nzi wa Bwiru nzima walikuja kuabudu.

Kisha: "Wewe mrefu. Wewe ndiye kuhani. Omba."
"Niombe nini?"
"Chochote, kwa lugha yenu. Kitishe."

Guku alikuwa mtu wa misa ya kwanza;
sala alizozijua hazikustahili kupewa turubai.
Akafumba macho, akatafuta ndani yake kitu cha kutisha,
akakipata.
Akanguruma kwa Kisukuma, mikono juu:

      Chumvi, senti thelathini!
      Mafuta ya taa, chupa mbili, bado!
      Kaniki ya mama, bado!
      Tairi la nyuma, ee Virji, ee Virji,
      nivumilie mpaka msimu wa pamba!

Na wenzake, kwa kuwa duka lilikuwa lile lile,
wakaitikia kutoka rohoni.
Mwongozaji alifuta jasho. Alisema
hajapata kusikia uovu mtupu namna ile.

Halafu shujaa akaja na bunduki.
Hadithi ilitaka maiti hamsini, watu walikuwa kumi na wawili.
Kwa hiyo unakufa, unajipangusa vumbi,
unazunguka nyuma ya jabali, unabadili kilemba,
unakuja kufa tena.
Siku ya malipo keshia akamhesabia shilingi nne.
"Hizo ni za kifo kimoja, bwana. Mimi nimekufa tisa."
"Mwili ni mmoja," akasema keshia, akafunga daftari.

Mwaka uliofuata picha ilirudi kwetu,
ikatupwa juu ya ukuta wa ghala la pamba, usiku, bure, watu wote waje.
Ilipofika sala ile, uwanja ukapasuka kwa kicheko.
Virji mwenyewe, kiti cha mbele, alijishika mbavu.
Bwana Shauri aligeuka kututazama
kama mtu aliyesahaulika kwenye mzaha nyumbani kwake.

Bunduki ilipoanza, kicheko kikakatika.
Wazee waliomkumbuka Mjerumani walivua kofia.
Na mayu Nyamizi, ambaye hajawahi kuona picha ikitembea,
akapiga yowe,
akapiga jingine,
jingine,
huku mwanawe yupo ubavuni pake, karanga kiganjani.

"Mayu, mimi huyu hapa."
Akauchukua mkono wake, akauweka kifuani pake, moyo unadunda.
Mama akauacha mkono pale.
Macho hayakutoka ukutani. Alikuwa anahesabu.

Miaka mingi baadaye, karani wa sensa
alipofika na kalamu yake kuuliza,
bibi, umezaa watoto wangapi,
alimjibu bila kupepesa:
"Kumi. Mmoja yu hai, yule pale anaziba pancha.
Tisa waliuawa na Wazungu, Bwiru,
kwa deni la chumvi."